Sauti ya Castory Kwenye Jokofu

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nesi Hafidha alivuta makohozi kutoka kwenye mapafu ya mgonjwa wa kitanda namba tatu. Alipitisha mpira mwembamba ndani ya mpira mnene uliokuwa kooni mwa mgonjwa. Yakatoka kama kijiko kimoja, ya kijani. Akayatia kwenye chupa ndogo ya plastiki, akafunga kifuniko, akabandika namba. Alipokuwa anaandika tarehe, chupa ikakohoa.

Ilikohoa mara mbili, kikohozi kizito cha mwanaume. Hafidha akamtazama mgonjwa. Mgonjwa alikuwa amelala vilevile, mashine inampandisha kifua na kumshusha. Kwenye fomu ya utafiti kulikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa "Maelezo mengine." Hafidha akaandika hapo: Chupa imekohoa mara mbili. Kisha akaiweka kwenye boksi la barafu kavu pamoja na chupa nyingine nne, na dereva akalipeleka boksi uwanja wa ndege Dar es Salaam.

Mgonjwa aliitwa Castory, mkulima wa kabichi wa Nyandira, kule juu Mgeta. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alishuka mjini akiwa amelala juu ya magunia ya karoti kwenye lori, kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa halipandi njia ile wakati wa masika. Alifika Morogoro midomo imekuwa ya bluu. Wodi ya mahututi ilikuwa na vitanda sita na mashine nne za kupumulia, na tatu kati ya hizo zilikuwa nzima. Castory akapata ya tatu.

Mkewe Joyce alipewa fomu ya ridhaa yenye kurasa kumi na moja. Alielezwa kwamba kuna utafiti wa nchi saba kuhusu maambukizi ya mapafu kwa wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Vijidudu vya siku hizi ni sugu, wakamwambia, na dunia nzima inatafuta dawa ya kuviweza. Joyce akauliza kama mumewe atapata dawa. Wakasema atapata. Akasaini.

Dawa zilikuwa kwenye maboksi mawili, la bluu na la kijani. Hakuna mtu Morogoro aliyejua ndani ya kila boksi kuna nini. Kompyuta ya Ulaya ilichagua mgonjwa yupi apewe boksi lipi, na Castory akachaguliwa la bluu. Makohozi yake yangepimwa huko kaskazini mwa Ulaya kuona dawa ipi inaua vijidudu vyake, na majibu yangerudi siku ya kumi na moja ndani ya bahasha iliyofungwa. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kubadilisha boksi. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni.

Wagonjwa tisa walishapita kwenye kanuni hiyo kabla ya Castory. Saba walizikwa. Bahasha zao zilikuja, zikasainiwa kwamba zimepokelewa, zikawekwa kwenye faili.

Jumatano chupa ya Castory ikafika kwenye maabara. Aliyeifungua ni dada mmoja anaitwa Marit, ambaye aliwahi kuishi Dodoma miaka mitatu na Kiswahili anakijua vizuri. Makohozi yalipoyeyuka, chupa ikakohoa, halafu ikasema, "Hodi."

"Karibu," Marit akasema.

"Ahsante. Hapa ni wapi? Mbona baridi hivi?"

Marit akamweleza. Sauti ikasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Castory alikuwa na mpira kooni, na sauti yake ilikuwa haina pa kutokea. Ilipovutwa pamoja na makohozi, ikatoka nayo.

"Unajisikiaje?" Marit akauliza, kalamu mkononi.

"Nzuri."

"Maumivu?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Kupumua je?"

"Salama tu, dada. Sijui wewe na watoto?"

Marit akaandika kila jibu kwenye nafasi yake. Ilipofika jioni alikuwa amemuuliza mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne sauti ilisema hali ni nzuri.

Kila Alhamisi nchi saba zilikutana kwenye skrini. Upande wa Morogoro alikaa Daktari Sabra, mkuu wa wodi ya mahututi, mwanamke mfupi wa Kihonda asiyependa maneno mengi. Siku hiyo Castory alikuwa na homa ya nyuzi arobaini, na oksijeni ya mwili wake ilikuwa inashuka tangu alfajiri. Upande wa Ulaya alikaa Profesa Halvorsen, kiongozi wa utafiti mzima, na mbele yake chupa imesimamishwa kwenye kishikizo.

"Mgonjwa wa Morogoro namba kumi anaendelea vizuri," profesa akasema. Marit akatafsiri.

"Profesa, huyu mtu anakufa," Daktari Sabra akasema. "Nina siku mbili naye, labda tatu. Dawa ya bluu haimsaidii. Niruhusu nimpe ya kijani."

"Daktari, sampuli imehojiwa mara kumi na nne. Tazama mwenyewe." Akageukia chupa. "Hali yako?"

"Nzuri," chupa ikasema.

Daktari Sabra alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alijua kosa liko wapi, maana yeye ni mtu wa Morogoro. Mtu mzima wa Mgeta akiulizwa hali na mgeni hawezi kusema mbaya. Hata moto ukiwa unawaka juu ya paa atasema salama, kisha baadaye, mkishakaa na kunywa maji, ataomba msaada wa ndoo. Lakini Castory hakuwa na muda wa kunywa maji.

Akamwita Joyce aje mbele ya skrini.

"Baba Witness," Joyce akasema. "Mimi hapa."

"Mama Witness. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Kabichi je?"

"Zipo. Baba Witness, waambie ukweli. Unaumwaje?"

Sauti ikakohoa. "Mimi nipo," ikasema. "Usiwachoshe watu. Nenda ukale."

Joyce akajifunika uso na kanga. Mume hawezi kumtia mkewe hofu mbele ya wageni, na pale wageni walikuwa nchi saba. Profesa akauliza kama mahojiano yameisha. Daktari Sabra akasema bado.

Wakati huo Kondo akaingia. Kondo ni mhudumu, kazi yake kubadilisha mitungi ya oksijeni. Ni Mluguru wa Matombo, na ukoo wake na ukoo wa Castory ni watani tangu mabibi zao hawajazaliwa. Wakifiwa hawa, wale ndio wanaochimba kaburi, na wanachimba huku wanamsema marehemu vibaya. Alikuwa anaviringisha mtungi mtupu kuelekea mlangoni aliposikia sauti ya Castory inatoka kwenye skrini ikisema nzuri.

Kondo akausimamisha mtungi.

"We Castory!" akapiga kelele. "Nzuri gani? Mimi nimeshachimba kaburi huko, nimechoka, unanicheleweshea kazi. Tena nimechimba fupi, maana kimo chenyewe huna."

Watu kwenye skrini wakageukia chupa. Kisha chupa ikacheka kwa kikohozi.

"Kondo? Wewe mdomo mpana kama mfereji wa Dakawa, nani kakuruhusu kuingia kwa watu wenye akili?"

"Nimekuja kuchukua bomba lako la kupulizia. Na mkeo nimeshamwambia afungashe."

"Joyce hawezi kukaa Matombo. Kwenu mnalima mawe."

"Bora mawe hayaliwi na wadudu! Wewe wadudu wamekushinda kwenye kabichi, sasa wamekushinda kwenye mapafu. Mkulima gani wewe? Wamekukalia kifuani wanapiga ngoma, na wewe unasema nzuri, nzuri, kama bwana harusi!"

"Wamenishinda?" Sauti ikapanda. Mtu anaweza kumdanganya daktari, mkewe, hata padri. Mtani akikutukana lazima umjibu, na usipomjibu kwa kitu cha kweli, umeshindwa. "Wamenishinda mimi? Sikiliza, mbwa wewe. Hawa wadudu nakaa nao kwenye chupa moja, nawajua mmoja mmoja. Ni kama funza wa kabichi tu. Ukipuliza dawa moja misimu mitatu, wa nne wanaioga. Hiyo ya bluu mnayonitundikia wanaioga! Wanaogea mpaka kwapani. Nakufa hapa kwa ajili ya hiyo bluu yenu, na wewe umesimama na mtungi mtupu kama mjamzito."

Daktari Sabra alikuwa ameshasimama.

"Na ya kijani?" Kondo akauliza. "Si ndiyo wataitafuna kabisa?"

"Dada wa hapa kaweka sahani mbili jana. Ya bluu, wamejaa mpaka ukingoni. Ya kijani wamelala chali wote, sahani nyeupe peee. Haya, nani mkulima?"

"Mwongo."

"Njoo uone, kama una nauli."

Marit alitafsiri yote, pamoja na kwapa na mjamzito. Profesa Halvorsen akasema kwamba kanuni inakataza matokeo kutoka maabara kabla ya siku ya kumi na moja. Daktari Sabra akasema hajapokea matokeo yoyote. Alichosikia ni mgonjwa akigombana na mtani wake. Profesa akaagiza aletewe kitabu cha kanuni. Kilikuwa na kurasa themanini na nne. Nchi saba zikasubiri akisoma. Mwakilishi wa nchi moja akaenda kunywa chai, akarudi. Baada ya dakika arobaini profesa akavua miwani, akasema hakuna mahali panapomkataza mgonjwa kuongea na watu wake, na ukurasa wa sitini na mbili unaruhusu boksi kubadilishwa kwa ombi la mgonjwa mwenyewe.

Daktari Sabra akageukia skrini. "Castory, unaomba?"

"Salama tu, daktari," sauti ikasema.

"Anaomba nini huyu?" Kondo akadakia. "Muoga wa sindano huyo! Kaogopa kijani!"

"Nani kaogopa? Nitundikieni hiyo kijani sasa hivi, mumwoneshe huyu mpuuzi!"

Hafidha alikuwa ameshafika kwenye kabati. Dawa ya kijani ilianza kudondoka saa kumi kasoro robo Alhamisi ile ile. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, Daktari Sabra akaandika: Mgonjwa ameomba kwa sauti yake.

Ijumaa homa ilisimama palepale. Jumamosi ikashuka nyuzi moja. Jumapili, watu wakiwa kanisani, oksijeni ya mwili ikapanda mpaka asilimia tisini na sita ikakaa hapo. Jumanne Castory alifumbua macho akaanza kupigana na mashine, jambo ambalo madaktari hulipenda sana. Jumatano wakamtoa mpira kooni. Akavuta pumzi mwenyewe. Akavuta nyingine. Joyce akapiga vigelegele ndani ya wodi ya mahututi na hakuna aliyemnyamazisha.

Castory akamtazama mkewe, akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akajaribu tena. Daktari Sabra akamulika koo na tochi, akakuta kila kitu kiko mahali pake. Hafidha akaandika kwenye fomu, kwenye maelezo mengine: Sauti haipo, ipo Ulaya.

Siku ya kumi na moja bahasha ikafika. Ilisema dawa ya bluu haifai na ya kijani inafaa. Castory mwenyewe aliisaini kwamba imepokelewa, akiwa amekaa kitandani anakula uji.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Chupa zote zilizokuwa kwenye jokofu la nchi saba zikayeyushwa kidogo, na karibu zote zikakutwa na sauti ndani, zikisema nzuri kwa lugha mbalimbali. Kondo akawekewa kiti mbele ya skrini. Wagonjwa wa Morogoro ambao hakuwa mtani wao, aliwatafutia mtani wao mjini, hata kama ni muuza nyanya sokoni, akamleta na aproni yake. Huko India walijaribu mashemeji, wakafaa. Nchi moja ya Amerika Kusini ilijaribu mashabiki wa timu pinzani za mpira, nao wakafaa kuliko wote. Kila mahali chupa zilitukanwa, zikajibu, na katika kujibu zikataja dawa.

Mwaka ulipotimia tangu hapo, wodi ya Morogoro ilikuwa imepokea wagonjwa hamsini na wanane wa mashine. Arobaini na tisa walitoka kwa miguu yao. Hakuna wodi katika nchi zote saba iliyofikia hapo, hata ile ya Ulaya kwenyewe. Daktari Sabra alibandika hesabu hiyo mlangoni kwa gundi, na watu waliopita walisimama wakaisoma. Mama mmoja muuza vitumbua aliisoma kila asubuhi kwa sauti, kama tangazo la Idi.

Profesa Halvorsen akaja mwenyewe kusherehekea. Kulikuwa na turubai kwenye uwanja wa hospitali, pilau, soda, na ngoma kutoka Kinole. Waliopona walikaa mstari wa mbele, arobaini na tisa, wamenenepa, wamevaa nguo za sikukuu. Profesa alipowasifu, walisimama wote wakapiga makofi. Yalikuwa makofi makubwa. Kingine hawakuweza kutoa.

Makala ilikuwa imeshachapishwa kwenye jarida kubwa. Ilikuwa na majina arobaini na matatu. Daktari Sabra alikuwa wa ishirini na tisa. Mwishoni, kwa herufi ndogo, walishukuriwa wahudumu wa ndani kwa ushirikiano wao. Kondo alisomewa mstari huo, akauliza kama "wahudumu wa ndani" ni yeye. Wakamwambia ndiyo. Akaenda kubadilisha mtungi.

Baada ya chakula Mzee Yohana akanyanyuka. Huyu ni mjomba wa Castory, kaka wa mama yake, ana miaka themanini na alishuka kutoka Mgeta kwa pikipiki.

"Shikamoo mzee," Marit akasema, maana naye alikuja.

"Marahaba. Mwambie profesa wako tumeshukuru. Mtoto wetu mzima, analima. Sasa tumekuja kuchukua sauti yake, na hizi nyingine arobaini na nane wenyewe hawa hapa."

Profesa akaeleza kwa upole kwamba sampuli huhifadhiwa miaka kumi na tano kwa ajili ya tafiti zijazo. Ni kifungu cha kumi na nne cha fomu ya ridhaa. Kimesainiwa.

"Kimesainiwa na nani?"

"Na mke wa mgonjwa."

"Mke ni wa ukoo mwingine," Mzee Yohana akasema. "Joyce ni mwanamke mzuri, simsemi vibaya. Lakini Castory ni wa mama yake, na mama yake ni dada yangu. Kama kuna mtu wa kumtoa Castory, hata ukucha, ni mimi. Mliniuliza?"

Marit akatafsiri polepole. Profesa akaipekua fomu. Alionekana kuumia kweli. Akasema fomu ina nafasi ya mwenzi, mzazi na mtoto mkubwa, na nafasi ya mjomba haimo. Akasema atapendekeza iongezwe kwenye utafiti utakaofuata. Mzee Yohana akamwangalia, akauliza kama pilau imebaki. Ilikuwa imebaki. Akafungiwa.

Kwa hiyo sauti zikabaki kule, nyuzi themanini chini ya sifuri, na wenyewe wakarudi makwao. Castory akapanda kabichi na ikakubali.

Desemba ndipo jambo likatokea. Regina, binti wa dada yake Castory, akachumbiwa na kijana wa Bunduki. Kwa Waluguru baba wa binti hukaa pembeni, anayeulizwa ni mjomba. Mzee Yohana alishasema yeye kwa dada zake amemaliza, sasa ni zamu ya Castory. Mshenga wa upande wa mwanaume huuliza mara tatu, na mjomba hujibu mara tatu kwa kinywa chake. Kutikisa kichwa hakuhesabiwi. Upande wa Bunduki walituma ujumbe mapema wakasema, kwa heshima zote, bila sauti hakuna ndoa.

Castory akamwandikia Marit. Marit akajibu kwamba sampuli haiwezi kutolewa kwenye jokofu bila sababu ya kisayansi. Siku iliyofuata akaandika tena kwamba amepata sababu: ukaguzi wa ubora. Anaruhusiwa dakika nne.

Jumamosi saa nne asubuhi watu walijaa Nyandira, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Simu iliwekwa mezani, juu ya kitambaa kilichodariziwa, mbele ya Castory aliyevaa suti. Kondo alikuwepo, maana mtani hakosi. Mshenga wa Bunduki alikuwa mzee anayependa kusikika.

"Ndugu zangu," akaanza, "sisi tulipita hapa siku moja, tukaona ua..."

"Dakika tatu na nusu," Marit akasema kwenye simu.

"...ua ambalo harufu yake ilitufuata mpaka Bunduki, tukasema, je, bustani hii..."

"Dakika tatu."

"Mzee wangu, uliza!" Kondo akapiga kelele. "Mtu anayeyuka!"

Watu wakacheka. Mshenga akakunja uso, akaruka sehemu ya mto na sehemu ya mzinga wa nyuki, akauliza. "Mjomba, umekubali?"

"Nimekubali," sauti ya Castory ikasema kutoka mezani. Midomo ya Castory ilitamka pamoja nayo, lakini mtandao ulikuwa mzito, na midomo ikatangulia.

"Mjomba, umekubali?"

"Nimekubali."

"Mjomba, kwa mara ya tatu, umekubali?"

"Nimekubali, na yeyote asiyekubali aje Ulaya tuongee."

Vigelegele vikapanda mlima. Waliopona wa Mgeta, wanane, walipiga meza kwa viganja. Mama yake Regina akapiga magoti, akashika mguu wa kaka yake, akalia. Upande wa Bunduki wakasimama wote wakasema ndoa ipo.

"Sekunde ishirini," Marit akasema.

"Nipeni Regina," sauti ikasema. Binti akaja akainama karibu na simu.

"Abee, mjomba."

"Regina, nyumba ya mama yako ipo. Ukiteswa, unarudi, hakuna atakayekuuliza. Na jambo la pili, hili usilisahau mpaka unazeeka, mwanangu, usije hata siku moja uka..."

Hapo kifuniko kikafungwa. Simu ikaonyesha mazungumzo yameisha.

Regina alimgeukia Castory. Castory akafungua mdomo, akatamka lile lililobaki lote, taratibu, kwa mikono pia, na hakuna aliyelielewa. Akaombwa aliandike. Akaandika, akalisoma mwenyewe, akatikisa kichwa kwamba silo, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Basi," Mzee Yohana akasema. "Lipo. Halijapotea. Linatunzwa."

Regina akahesabu kwenye vidole, akasema sampuli zikitolewa atakuwa na miaka thelathini na saba, si mbaya, atalisubiri. Kisha akamshika mchumba wake mkono, ngoma ikaanza, na Castory ndiye aliyefungua uwanja.